Kitabu Kisicho na Mwenyewe

Kila Jumamosi saa nane mchana, Salme binti Idd alikuwa akimsikia Muhidin akipanda ngazi za jengo lile la mtaa wa Kondele mbili mbili, kama mtu anayehofu chumba kitaondoka bila yeye. Jumamosi ile ya mwisho wa Oktoba, mwaka wa tisini na sita, hatua zilikuja moja moja. Salme aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Kabla mlango haujafunguka alishajua kwamba kuna jambo.

Chumba kilikuwa cha chuo cha upigaji chapa, alikofundisha siku za kazi. Mwenye chuo alikuwa mtu mwema; Jumamosi mchana aliwaachia ufunguo, kompyuta moja na printa iliyopiga kelele kama cherehani mbovu. Walikuwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyelipwa. Kulikuwa na Salme mwenyewe. Kulikuwa na Muhidin Wakoli, kijana wa upande wa Mumias, fundi wa redio na kompyuta, mikono yake haikosi kovu la risasi ya kulehemu. Kulikuwa na Mama Dorca, karani wa zahanati moja kando ya ziwa. Na kulikuwa na Mwalimu Wanyonyi, aliyestaafu kufundisha Kiswahili, mzee aliyekuwa tayari kugombana nusu saa nzima kwa ajili ya kiambishi kimoja.

Kazi yao ilikuwa kuandika kitabu cha maelekezo cha programu iliyoitwa Daftari. Programu hiyo ilitungwa na madaktari na wanafunzi waliotawanyika nchi nyingi, wengi wao hawajawahi kuonana, wakaitoa bure kwa ulimwengu. Unaitumia, unainakili, ukiweza unaifungua ndani na kuirekebisha, mradi usimnyime mwenzako ruhusa uliyopewa wewe. Muhidin aliipata kwenye disketi iliyokuja kwa posta. Ilitunza majina ya wagonjwa na chanjo za watoto vizuri kuliko rejista yoyote ya karatasi. Tatizo lilikuwa maelekezo yake. Yalikuwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na Mama Dorca alipoyasoma mara ya kwanza alisema yameandikwa na mtu asiyependa kutembelewa.

Basi tangu Mei walikuwa wakiyaandika upya, kwa Kiswahili cha karani asiyewahi kugusa kompyuta. Neno moja tu, la kuiambia mashine isisahau kazi yako, liliwala wiki mbili. Muhidin alitaka "okoa." Mama Dorca akapinga, akasema kwao kuokoka ni mambo ya kanisani, na karani atadhani kompyuta inamtaka atubu. Mwalimu Wanyonyi alicheka hadi akavua miwani. Wakakubaliana "hifadhi." Siku hiyo, katikati ya kicheko, Salme aligeuka akakuta Muhidin hacheki. Alikuwa anamtazama yeye, macho yametulia, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu siku nyingi na sasa amekiona kiko mezani.

Mwezi wa Julai wao wawili walimpelekea Mama Dorca kurasa za kwanza kule zahanatini. Wakati wa kurudi walisimama kando ya ziwa. Gugumaji lilikuwa limefunika maji hadi jicho linapochoka, kijani kitupu, na wavuvi walikuwa wakilisukuma kwa miti mirefu kutafuta njia. Muhidin alisema hajui maneno mazuri. Akasema anataka kumuoa. Salme alimjibu kwamba maneno hayo yanatosha.

Sasa kijana huyo huyo aliingia chumbani, akasalimia, akaketi bila kuvua koti. Alisema ana habari njema. Amepata kazi Nairobi, kwenye kampuni moja inayouza kompyuta, kazi ya kudumu yenye barua. Mwalimu Wanyonyi alisimama akampa mkono kwa nguvu. Mama Dorca alimshukuru Mungu kwa Dholuo na kumwita nyathina, mwanangu. Salme alitabasamu, lakini tabasamu lake lilibaki kwenye midomo, kwa sababu Muhidin hakumtazama.

Kisha akatoa karatasi. Akasema ni kitu kidogo, cha kuweka kwenye faili, kila mmoja aweke sahihi yake chini. Mwalimu alianza kupapasa mifuko akitafuta miwani yake. Mama Dorca, ambaye hakuwa na shaka na kijana huyu hata chembe, alishachukua kalamu.

Miaka sita ya kufundisha watu kuchapa ilikuwa imemzoesha Salme kusoma kila mstari unaopita mbele yake. Aliivuta karatasi taratibu. Ilikuwa nusu ukurasa wa Kiingereza cha mawakili. Ilisema kwamba waandishi wote wa kitabu cha Daftari wanakikabidhi kwa kampuni pamoja na haki zake zote, na kwamba tangu siku hiyo mtu yeyote asikichape, asikinakili wala kukigawa bila ruhusa ya kampuni kwa maandishi.

Aliisoma mara mbili.

"Mama Dorca," alisema, "weka kalamu chini." Halafu akamwambia Muhidin, "Twende nje."

Nje palikuwa na kibaraza chembamba cha ghorofani. Chini yao Kondele ilikuwa katika shughuli zake, wauza nyanya, wapanda baiskeli wakiita abiria, redio tatu zikishindana. Salme alifunga mlango nyuma yake.

"Umeisoma karatasi hii?"

"Nimeisoma."

"Yote?"

"Yote, Salme."

Alikuwa ameomba moyoni aseme hapana. Mtu asiyesoma husamehewa haraka. Alimtazama kijana huyu aliyempenda, akaona kwamba hakulala vizuri siku kadhaa, na huruma ikataka kumpanda. Akaikanya.

Muhidin alieleza kwa sauti ya chini, akiwa ameshika ukuta wa kibaraza kwa mikono miwili. Watu wa kampuni walikuwa wameona kurasa chache, wakazipenda. Wanataka kuuza kompyuta kwa zahanati na kitabu kiwe ndani ya bei. Wakamwambia kazi ipo, aripoti Jumatatu ya tarehe nne, lakini aje na kitabu chote na sahihi za wote. Bila hivyo kazi hakuna.

"Na mimi sikuambiwa," Salme alisema. "Tunaandika kitabu pamoja miezi sita, tunapanga kuoana, na mimi naletewa karatasi niweke sahihi kama mpokea mzigo."

"Nilitaka nikuambie ikishakwisha."

"Kwa nini?"

Muhidin aliachia ukuta. Kisha ikatoka. Wiki tatu zilizopita alikwenda kwa baba yake Salme, Mzee Idd, kwenye kibanda chake cha vipuri vya baiskeli huko soko la Kibuye, akamwambia nia yake. Mzee Idd hakumfukuza. Alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba ufundi wa leo upo kesho haupo si kazi ya kuolea binti wa mtu. Alimpa hadi mwisho wa mwezi. Alete barua ya kazi ya kueleweka, au amwache Salme. Na akamtaka asimwambie Salme neno.

Salme alimjua baba yake, na alijua jeraha lake lilipo. Dada yake Rehma aliolewa na mtu wa maneno matamu, na sasa Rehma amerudi kwa wazazi huko Manyatta na watoto wawili, mume hajulikani aliko. Lakini kulijua jeraha la mtu si sawa na kukubali likutawale.

"Kwa hiyo mlikaa Kibuye, wewe na Baba, mkaniweka katikati ya vipuri, mkapatana tarehe."

"Sikutaka ubebe mzigo huo."

"Ningeubeba. Nina mikono."

"Salme, nikiikataa kazi hii, Alhamisi ni mwisho wa mwezi na mimi sina kitu. Nitakupoteza."

"Kwa Baba hunipotezi," Salme alisema. "Unanipoteza hapa, kwenye kibaraza hiki." Akauonyesha mlango kwa kidole. "Sura ya chanjo ni ya Mama Dorca. Aliandika kwa mkono usiku baada ya kazi, tena mara tatu, kwa sababu Mwalimu alikuwa anamrudishia. Utanioa kwa kurasa za Mama Dorca? Kisha zahanati yake iambiwe haiwezi kusoma alichoandika mwenyewe mpaka inunue?"

Muhidin aligeuza uso akawatazama wauza nyanya.

"Nitakwambia ninachotaka, maana naona hakuna aliyeniuliza. Nakutaka wewe. Ukiwa na kazi ya Nairobi nakutaka, ukiwa na kibanda cha redio nakutaka. Lakini sitaki niishi na mtu ambaye kila akinipa karatasi, lazima niisome mara mbili."

Chini mtu alikuwa akicheka kwa sauti. Muhidin alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu, na alimtazama Salme kwa mara ya kwanza tangu alipofika.

"Niliona mlango mmoja tu," alisema. "Nikauingia bila kuangalia nani namkanyaga."

"Basi ingia na huu hapa," Salme akasema, na kumfungulia mlango wa chumba. "Uwaambie mwenyewe."

Aliwaambia. Hakukaa, hakujipamba, hakumtaja Mzee Idd. Alisema tu kwamba alitaka kazi sana, na kwamba alikuwa tayari kuwachukulia kazi yao ili aipate, na kwamba amewadanganya kuhusu karatasi. Mwalimu Wanyonyi, ambaye sasa alikuwa ameipata miwani, aliisoma nusu ukurasa ile kimya, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani mbele ya Muhidin kama anavyorudishiwa mwanafunzi insha mbaya.

Mama Dorca ndiye aliyesema. Kwanza aliwasimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia chumbani humo. Miaka miwili nyuma, mama mmoja alimleta mtoto zahanatini. Kadi yake ya chanjo ilikuwa imelowa maji ya ziwa, haisomeki, na rejista kubwa ilikuwa imechanika kurasa za mwezi ule. Yeye Dorca akakisia kwamba mtoto alishachanjwa surua. Hakuwa amechanjwa, na surua ikamshika. Mtoto alipona, lakini jicho lake moja halikuona tena.

"Kila Jumamosi mimi nakuja hapa kwa sababu ya hiyo jicho," alisema. "Sikuja kwa sababu ya kompyuta. Kompyuta mimi bado naogopa." Alimgeukia Muhidin. "Nimekasirika na wewe, nyathina. Hata kesho kutwa nitakuwa bado nimekasirika. Lakini umesema na mdomo yako, sijaambiwa na mtu wa njia. Sasa kaa chini. Ukurasa wa thelathini na mbili bado hausemi stima ikipotea ghafla karani afanye nini."

Muhidin aliketi. Lakini kabla ya ukurasa wa thelathini na mbili kulikuwa na barua ya kujibu, na mwandiko wake siku hiyo haukusomeka. Salme alivuta taipureta ya mwanafunzi, akaweka karatasi safi, akamwambia aseme.

Alisema polepole, akiwa amesimama nyuma ya bega lake. Anaishukuru kampuni kwa kumwona anafaa. Anasikitika kwamba hawezi kukabidhi kitabu ambacho si chake peke yake, na ambacho waandishi wake walikiandika ili kinakiliwe na kila mtu. Kama nafasi yake ilitegemea hilo, basi anaiacha.

Vidole vya Salme vilikwenda bila kukosea. Kwenye neno lile la mwisho vilisimama. Alijua anachapa nini. Kila herufi ilikuwa inamsogeza Muhidin mbali na barua ambayo baba yake aliitaka, na hakuna aliyemlazimisha kuichapa. Angeweza kusema waifikirie mpaka Jumatatu. Aliisikia pumzi ya Muhidin karibu na sikio lake, haimharakishi. Akalichapa neno, akaweka nukta, akaitoa karatasi na kumpa kalamu.

Walifanya kazi hadi jua lilipoanza kushuka. Ukurasa wa thelathini na mbili ulipata maelezo yake ya umeme kukatika. Mwalimu Wanyonyi aliandika ukurasa wa mbele, akaweka majina yao manne kwa mpangilio wa alfabeti ili mtu asidai ukubwa, na chini yake akaandika: "Ni ruhusa kwa yeyote kukinakili kitabu hiki, kukirekebisha na kukigawa, mradi asimzuie mwingine kufanya vivyo hivyo." Jumanne walikidurufu nakala arobaini, wino umewajaa mpaka viwikoni. Mama Dorca aliondoka na saba, amezifunga kwenye leso, moja ya kwake na sita za makarani wa zahanati za jirani.

Jumatano jioni, baada ya chakula, Salme aliketi mbele ya baba yake.

"Baba, kesho Muhidin atakuja hapa baada ya alasiri. Naomba umkaribishe ndani."

Mzee Idd aliuliza kama kijana anayo barua. Salme akamwambia atajibiwa na mwenyewe. Kisha akamwambia, kwa heshima, macho yake yakiwa chini lakini sauti yake haikuwa chini, kwamba amesikia habari ya sharti, na kwamba limemuumiza kuliko kukataliwa. Mzee Idd alisema baba hawajibiki kwa watoto wake juu ya kila analopanga. Salme akakubali kwamba ni kweli. Akaongeza kwamba ana miaka ishirini na saba, na kwamba kama itabidi, atangoja mwaka, au mitatu, hapo hapo nyumbani, bila ugomvi na bila mume mwingine. Hatatoroka. Wala hatabadilika.

Mama yake, Bi Habiba, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alisikia yote. Rehma aliacha kuosha vyombo.

Alhamisi, siku ya mwisho ya mwezi, Muhidin alifika na shati lililopigwa pasi. Aliondoa viatu mlangoni, akasalimia, akapewa kiti mkabala na Mzee Idd. Salme hakwenda jikoni. Aliketi kwenye mkeka kando ya mama yake, na baba yake alipomtupia jicho, hakuinuka.

"Umekuja na kazi?" Mzee Idd aliuliza.

"Sijaja nayo, Mzee. Niliipata, nikaiacha."

Akaeleza. Hakufupisha pale palipomtia aibu. Alipofika kwenye karatasi ya sahihi, alisema wazi kwamba aliileta kwa hila, na kwamba Salme ndiye aliyemzuia. Alisema hana barua, ana kibanda cha kutengenezea redio, ana wateja, ana mikono, na ana nia ile ile aliyokuja nayo Kibuye.

"Basi sharti langu limekushinda," Mzee Idd alisema.

"Limenishinda, Mzee."

"Na bado umekuja."

"Ulinipa hadi leo. Nimeona si vizuri usikie kwa mtu mwingine."

Mzee Idd alijikuna ndevu. Alitazama upande wa jikoni, ambako Rehma alikuwa amesimama na mtoto kiunoni.

"Yule wa kwanza," alisema polepole, "alinijia hapa na barua tatu. Moja ya bandari, moja ya reli, moja sikumbuki ya wapi. Zote zina mihuri. Nilizisoma kwa furaha. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli."

Bi Habiba aliweka mikono mapajani. "Baba Rehma," alisema, "barua tulishazijaribu."

Salme aliwatazama wanaume hawa wawili, baba yake na kidevu chake kimekaza, Muhidin na magoti yake yamekaa sawa kama mwanafunzi, na akagundua kwamba haogopi tena. Jibu lolote litakalotoka, yeye alikuwa ameshalipokea lake, siku ile mbele ya taipureta. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja alikuweza.

"Una mjomba?" Mzee Idd aliuliza.

"Ninaye, Mzee. Yuko Mumias."

"Mwambie aje. Aje na mtu mzima mwingine mmoja. Mambo haya sizungumzi na vijana." Kisha, kwa ukali, kana kwamba amebanwa, "Sijasema ndiyo. Nimesema aje."

"Ndiyo, Mzee. Naweza kumleta Jumapili hii."

"Jumapili hapana," Mzee Idd alisema, akiinuka kwenda kutawadha. "Jumapili ni siku ya soko, sipatikani. Mlete Jumamosi, kabla ya adhuhuri, mama yenu apate muda wa kupika."

Salme aliinamisha kichwa ili baba yake asione uso wake. Chini ya ukingo wa mtandio, mkono wa mama yake uliutafuta wake, ukaubana.